Ndege ya Prefe Haiachwi Hewani

Kabla hujamwona Prefe ulimsikia. Kra-kra-kra, kete mbili ndani ya chupa ya vidonge, kisha kimya, kisha sauti yake akijisemea mwenyewe, "Imesema." Hapo ulijua yuko garini, nyuma ya shofere, na kwamba siku hiyo tutasafiri safari mbili: yetu ya barabara ya Bukavu, na ile ya ndege iliyokuwa ikiruka juu ya magoti yake.

Prefe kwetu ni mkuu wa shule ya sekondari. Huyu alikuwa na shule yake Kasenga, mtaa wetu hapa Uvira, na ua wa nyumba yake ulipakana na wangu. Sitaeleza alizaliwa wapi wala babu yake alikuwa nani, kwa sababu sijui, na yeye hakuwa mtu wa kueleza. Mimi nilimjua njiani. Nauza samaki: ndagala zilizokaushwa, na mikeke ikipatikana naipanga katika barafu na kuipandisha Bukavu. Barabara ikifungwa nageukia ziwa, napanda bato, ile boti ya abiria, bandarini Kalundu nakwenda Baraka. Yeye alipeleka makaratasi ya shule Bukavu, na Baraka alikuwa na mke wake, aliyekwenda kumuuguza mama yake mzazi na kubaki huko, maana ugonjwa ule haukupona wala haukuua. Basi tulikutana kila mahali. Mume wangu alikuwa anasema nimesafiri na Prefe kuliko nilivyosafiri na yeye, na hakusema kwa kucheka.

Ile ndege ilikuwa mchezo. Padri mmoja mzee, Mzungu, alipokuwa anarudi kwao aligawa vitu vyake. Watu waligombania viti, neti na sufuria. Prefe akatoka na sanduku ambalo hakuna aliyelitaka. Ndani mlikuwa na ramani, vipande vidogo vya karatasi ngumu, mchoro wa ndege ya kuangusha mabomu ukionyesha kiti cha kila mtu, na kitabu cha sheria cha Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha. Alikaa na kamusi mpaka jirani wakadhani anajiandaa kuhama nchi.

Nilimuuliza mara ya kwanza, tumesimamishwa kwenye barieri ya Luvungi, askari wanakagua mizigo.

"Prefe, hii ni vita gani?"

"Ni vita ya Bazungu ya zamani. Lakini hii ya mchezo haikuisha pale ya kweli ilipoisha. Iliendelea. Batu bake ni balebale, ndege ni zingine, kubwa zaidi."

"Kwa hiyo haikutokea?"

"Haikutokea."

"Aka! Kuna batu bako mahali bananunua vita ambayo haikutokea? Si bangekuja hapa tuwape ile iliyotokea, bure!"

Gari zima lilicheka. Yeye alivua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. Prefe hakuwa mtu wa kucheka haraka. Kicheko chake kilimfikia wakati sisi tumeshasahau kilichochekesha, na mara nyingine tulimwona anatabasamu peke yake huko Kamanyola, kwa jambo lililosemwa Luvungi.

Mchezo wenyewe anaucheza mtu mmoja. Hakuna mpinzani. Unatikisa kete, zile dadu zenye nukta, kujua hali ya hewa, unatikisa kujua kama maadui wamekuja, unatikisa kujua risasi imepiga bawa, injini, au mtu. Ndege inasogea hatua kwa hatua mpaka kule inakotumwa, inaangusha, inageuka, inarudi. Kwa barabara yetu vile vipande vilikuwa vinaruka kama bisi, basi alibandika ramani juu ya kipande cha godoro, kila karatasi akaichoma pini, na kete akazifungia katika chupa ya plastiki inayopitisha mwanga ili zisipotee chini ya viti. Vyote vilikaa katika kopo la biskuti. Askari wa barieri walilifungua lile kopo mara nyingi wakidhani wamepata kitu. Mmoja alitazama pini, akatazama ramani, akamuuliza, "Weye mzee, unapiga mji gani?" Prefe akamweleza kwa upole na kwa urefu, kuanzia padri, mpaka yule askari akatuomba tuondoke.

Kila kiti cha ndege kilihitaji mtu, kwa hiyo alitumia majina yetu. Kabla gari halijaondoka aligeuka nyuma akatukagua kama wanafunzi wa mwaka mpya. Shofere ndiye rubani. Yule mwenye mtoto mgongoni anashughulika na redio. Mimi aliniweka siku zote kwenye bunduki ya mkiani, kwa sababu, alisema, ninaona maneno ya watu yanapotokea mbali. Tulizoea. Tuliulizana kwa sauti, "Prefe, niko mzima?" na yeye anajibu bila kuinua kichwa, "Uko na jeraha la mkono, lakini utafika." Nimekufa mara nyingi mno katika ndege ile. Siku moja nimekufa kabla hata hatujapita Sange.

"Umeniua tena, Prefe! Na asubuhi mapema hivi!"

"Si minye. Kete imesema."

"Basi itikise tena."

"Hapana. Ikisema imesema."

Hakurudia kete hata mara moja. Nilimbembeleza, nilimtukana kidogo, nilimpa hata ndizi. Wapi! Alikuwa hivyo shuleni pia. Mwanafunzi aliyeanguka mtihani ameanguka, hata awe mtoto wa mkubwa gani, hata mkubwa mwenyewe aje na gari lake asimame mlangoni. Wengi walimchukia kwa hilo. Nami nilimchukia mwaka ule alipomwangusha mtoto wangu wa pili, na nikasafiri naye Bukavu kwenda na kurudi bila kumsemesha neno, nikiwa bado kwenye bunduki yake ya mkiani.

Sheria yake nyingine ndiyo iliyotukera wote. Ndege haiachwi hewani. Gari limefika, watu wameinuka, wapagazi wanavuta mizigo, Prefe amekaa palepale, kra-kra-kra, ndege yake bado ina hatua mbili kufika nyumbani. Mimi niko nyuma yake na beseni ya mikeke, barafu inanidondokea miguuni.

"Tua, Prefe! Tua tushuke!"

"Subiri, mama. Ndege haiachwi hewani."

"Si ni karatasi!"

"Kuna batu ndani."

Nilikuwa najibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mashofere walimzoea, wakawa wanafungua mlango wa nyuma kwa ajili yetu wengine. Lakini "Tua, Prefe!" ikabaki neno la barabara ile. Hata watoto wa Kasenga walimwamkia hivyo akipita, kwa mbali, kisha wanakimbia.

Sasa, watu ni watu. Haikuchukua muda wakaanza kuona mambo ndani ya lile kopo. Katika barabara ambayo hujui nani anakungoja kwenye kona, ukimwona mzee msomi anatikisa chupa na kusema fulani atafika na fulani hafiki, utafikiri nini? Abiria walianza kuja kwake mapema. "Prefe, leo barabara iko namna gani?" Mwanamke mmoja alimletea kuku. Mchungaji mmoja alikataa kupanda gari lenye mganga, akasimama chini anaomba kwa sauti mpaka tukamwacha. Ikafika siku shofere wetu, mtu mzima mwenye masharubu, alisikia kwamba rubani amepigwa wakati wa kupaa. Akazima moto. Akashuka. Akasema haendi Bukavu kwa mshahara wowote. Siku nzima tukakaa stendi, barabara ni nyeupe kabisa, magari mengine yanakwenda na kurudi salama, na mikeke yangu inanuka. Nilimlaumu Prefe mbele ya wote.

Ndiyo mara pekee nilimwona amekasirika kweli. Alisimama na lile kopo.

"Hii si ramli! Ni hesabu! Muko munasikia? Kete haijui jina la muntu. Mutoto wa mwaka wa kwanza anaweza kuwaeleza. Aibu!"

Tukaketi kama darasa. Lakini mimi nilimjua. Nilijua kwamba katika majina yote aliyoyatia ndani ya ndege ile, na aliyatia mpaka ya askari wa barieri na la yule mchungaji, jina moja hakulitia kamwe: la mtoto wake wa mwisho. Huyo kijana alikuwa mrefu, mpole, mwenye kibanda cha kutengeneza simu pale Kasenga, na alikuwa akisafiri nasi mara nyingine. Alimtania baba yake, "Papa, minye siku zote ni wa chini? Nipe kiti." Na Prefe anajibu, "Ndege imejaa." Siku ile ya hasira nilingoja mpaka watu wametawanyika, nikamwambia, kama ni hesabu tu, mtie mtoto wako basi. Alifunga kopo. Mimi nikajiona nimeshinda, mjinga mimi.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Alichukia vita kwa namna ambayo ilikuwa ugonjwa. Shuleni kwake mtoto akichora bunduki pembeni ya daftari alipigishwa magoti siku nzima. Harusini, vijana wakipasua baluni, alitoka nje akasimama ukutani, jasho linamtoka. Na huyohuyo akishika kopo lake alikuwa anaelezea mabomu kwa uzito wake na kimo cha kuyaangushia kama fundi anavyoeleza mabati. Nilimuuliza siku moja tena Luvungi, mvua imekata barabara, tumejikunyata chini ya kibaraza cha duka.

"Prefe, hayo mabomu, kule chini yanaangukia nani?"

Alitafuta katika kitabu cha sheria. Alitafuta kweli, ukurasa kwa ukurasa, kana kwamba nimemuuliza tarehe.

"Hapa banasema tu umelenga au hukulenga. Batu habaandikwi."

Akafunga kitabu. Safari iliyofuata nikaona ramani yake ina kitu kipya: amekata karatasi ya buluu, akaibandika pale ndege inapotumwa. Ziwa. Kuanzia hapo mabomu yake yote yalianguka majini. Mtu huyu ambaye hakurudia kete kwa kuogopa kuvunja sheria, alivunja sheria kubwa kuliko zote na hakuona tofauti.

"Lakini hivyo vita yako haitaisha," nikamwambia.

"Haitaisha," akakubali, na akatikisa chupa.

Miaka ile maji ya ziwa letu yalipanda, yakaingia Kalundu, yakala nyumba na maghala, watu wakavuka kwa mbao kutoka mlango hadi mlango. Prefe alipandia bato kwenye maji ya magoti, suruali imekunjwa, kopo kichwani. Namkumbuka hivyo kuliko namna nyingine yoyote. Namkumbuka pia anavyogawa chakula: alikata mkate wake vipande sawasawa kabisa, akatoa vyote, halafu akasema hana njaa. Tulijua ni uongo na tulikula.

Halafu ikaja vita ile ambayo haikuhitaji kununuliwa. Mji wetu ulimwagika kwa asubuhi moja. Milio ilitoka upande wa uwanda, watu wakashika kilichokuwa karibu: godoro, mbuzi, sufuria yenye maharage bado ya moto. Wengine tulikwenda mpakani kuvukia Burundi kwa miguu, wengine walikimbilia bato Kalundu. Mimi nilivuka na watoto wangu, na sikumwona Prefe. Kule ng'ambo tulikaa tulivyokaa, chini ya plastiki, tukipanga foleni ya maji. Sitaki kueleza. Nilirudi ilipowezekana kurudi. Nyumba yangu ilikuwa haina mlango. Ya Prefe ilikuwa na mlango, imefungwa, na kibanda cha simu cha mtoto wake kilikuwa meza tupu.

Nilianza tena biashara kwa ndagala kidogo, kwa njia ya ziwa, maana ya barabara sikuwa na moyo nayo. Ndipo nikamkuta katika bato ya Baraka, amekaa karibu na mizigo, koti lilelile, kopo magotini. Amekonda mpaka miwani inamshuka. Nilifurahi, jamani! Nilipita juu ya miguu ya watu nikapiga kelele kama zamani.

"Prefe! Uko hai! Leo niko wapi, mkiani?"

Aliinua macho. Kisha akasogea nikae.

"Mama. Karibu. Leo sichezi."

Bato iliondoka. Nilimweleza yangu, yeye akaniuliza kuhusu watoto mmoja mmoja, hata yule aliyemwangusha. Sikuthubutu kuuliza ya kwake. Tulipoacha milima ya Uvira nyuma akaanza kusema mwenyewe, macho kwenye kopo.

Asubuhi ile ya milio walifika njia panda, yeye na mtoto wake. Mtoto akasema, Papa, weye vuka mpaka na majirani, miguu yako haiwezi kugombania bato. Minye nakwenda Kalundu, nashuka Baraka kwa Mama, asikae peke yake na bibi. Wakabishana pale watu wakiwagonga kwa mizigo. Mwishowe kijana akacheka, akagonga kopo kwa kidole. Akasema, basi leo nipe kiti, Papa. Nipe cha rubani. Weye utacheza ukiwa kwenye foleni ya mpaka, na ukinitua, ujue minye nimefika.

"Nikampa," alisema Prefe.

Alicheza kwenye foleni, na ng'ambo akaendelea. Ndege ilipaa vizuri. Ilikwenda, ikaangusha majini, ikageuka. Ilipigwa injini moja, si kitu. Ikabaki hatua ya mwisho, kutua, ambayo ni kutikisa mara moja tu. Hapo ndipo mke wake alipopatikana kwa simu. Mke akamuuliza, mbona hamjanitumia mtu? Basi mtoto hakuwa amefika. Na ile bato aliyopanda kijana hakuna aliyeiona Baraka, wala Kalemie, wala popote.

"Sasa, hiyo ndege?" nikauliza, na nilijua ninauliza nini.

"Iko hewani."

Injini ya bato ilikuwa inakohoa, wanawake mbele yetu wanaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Alisema anapanda bato hii kila anapopata nauli, anashuka Baraka, anauliza, anamwona mkewe, anarudi Kalundu, anauliza.

Tulipokaribia Baraka akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Alisimama kabla ya wote. Bato haijagusa mchanga, yeye ameshafika ubavuni, amekunja suruali, anatazama nyuso za waliosimama ufukweni. Alinigeukia akaniwekea kopo mapajani.

"Nichungie, mama."

Akashuka majini. Nilimwona anakwenda kutoka mtu hadi mtu, anainua mkono kuonyesha urefu wa kijana wake, na watu wanatikisa kichwa. Kopo lilikuwa halikufungwa vizuri. Niliona ramani, pini, ile karatasi ya buluu, na ndege moja ndogo imesimama mlangoni mwa nyumbani. Chupa ilikuwa pembeni. Mkono wangu ulifanya mazoea tu, niliichukua nikaitikisa. Haikulia. Nikaiinua kwenye mwanga. Alikuwa ameijaza pamba mpaka shingoni, ameishindilia, kete zimebanwa katikati zisiweze kugeuka wala kusema hata bato ikipigwa na mawimbi. Yeye aliyetukaripia wote stendini kwamba kete haijui jina la mtu!

Nililia. Mimi niliyempigia kelele miaka yote hiyo juu ya mikeke.

Alirudi wakati watu wameshamalizika kushuka, suruali imelowa mpaka kiunoni, peke yake. Aliona chupa mkononi mwangu akasimama. Aliitazama, akatafuta kama pamba iko mahali pake. Nikaiweka katika kopo polepole, nikafunga kifuniko, nikampa kwa mikono miwili.

"Usiitue, Prefe," nikamwambia. "Iache hewani."

Akaitikia kwa kichwa, akalibana kopo kwapani, tukashuka.